Binti kachora mgombea kashika mmea, darasa zima likanyamaza. Hii katuni ya kura inasomwaje?

TichaWaPangani

Wakuu habari za jioni, wazee shikamooni. Mimi ni mwalimu, nimehamia Moshi mwezi wa kwanza nikitokea Tanga, kwetu ni Pangani kabisa, kwa hiyo huku bado nazoea baridi na mengine mengi. Nina klabu ya uraia, tunakutana Jumatano baada ya vipindi, wanafunzi kama 30 hivi wa kidato cha pili na cha tatu. Juzi niliwaambia kila mmoja achore katuni moja kuhusu kupiga kura, alafu tunabandika ukutani wenzake wanaisoma mchoraji akiwa kimya. Alama 20.

Nyingi zilikuwa zile tulizozoea magazetini. Sanduku la kura lenye meno, mgombea mdomo mkubwa kama pipa, mpiga kura kabebeshwa gunia limeandikwa AHADI, kidole chenye wino kikubwa kuliko mwenye kidole. Hizo nilizisoma bila shida. Iliyonishinda ni ya binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya sana. Nawaelezea kwa maneno maana sijamwomba ruhusa ya kuiweka picha.

Kushoto kuna gari kubwa la kifahari, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, mlango uko wazi. Katikati mwanaume mwenye kitambi, suti, kapiga goti moja, mikono miwili ameinyoosha mbele na ameshika mmea wenye majani marefu kama ya mahindi. Mgongoni kwenye koti imeandikwa MIAKA 5. Kulia bibi amesimama mlangoni kwake, kajifunga kanga, mikono yote kaificha nyuma, na ukiangalia vizuri mkono mmoja huko nyuma umeshika kadi ya mpiga kura. Nyuma ya nyumba kuna migomba. Chini ya karatasi kuna mstari wa mimea ile ile imepangwa kama ua, ila katikati mstari umekatika, pako wazi. Hakuna neno lingine lolote.

Mimi nikasoma hivi: mgombea anamletea bibi mche wa mahindi, yani ahadi za kilimo, na bibi hataki. Ule ua nikaona muda ulimwishia hakumaliza. Nikampa 9, nikaandika pembeni "wazo zuri ila halijakamilika, malizia ua".

Sasa siku ya kubandika, watoto wanacheka picha moja baada ya nyingine, wakifika kwenye hiyo wakanyamaza wote. Kuna mmoja akasema kwa sauti ya chini, "huyo bibi kaisha." Nikauliza kaisha kivipi, wakatazamana tu. Mwalimu mwenzangu alipita akaiangalia, akaniambia hii ndo katuni ya ukweli kuliko zote hapo ukutani, akawahi kipindi chake hakunifafanulia.

Naombeni msaada. Huo mmea ni nini? Na nyie mkikutana na katuni ya uchaguzi mnaanzia wapi kuisoma? Roho inaniuma, naona kama nimemwonea mtoto.

Mama_Kibosho

Mwalimu karibu sana Moshi, na hilo usingelijua kama hujakaa huku. Huo mmea sio mahindi. Hilo ni isale. Ukipanda Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, kote mlimani utayaona masale pembeni ya vihamba, yani mashamba ya nyumbani ya ukoo, mgeni anapita anadhani ni maua ya urembo.

Kwa Mchagga isale ni msamaha. Ukinikosea kosa zito, yani kosa la kutosemeshana, unachuma jani la isale unaniletea, au unamtuma mtu mzima aje nalo. Hapo mimi sina tena nafasi ya kusema ngoja nifikirie. Isale likishafika mlangoni kulikataa ni jambo zito, wazee wanaamini linamrudia aliyekataa. Nimeona kwa macho yangu ndugu wa baba mmoja ambao walikuwa hawasalimiani miaka 11 kisa mgomba wa mpakani, siku moja mdogo akaja na jani, na jioni ile ile walikaa benchi moja wakanywa mbege kata moja.

Sasa rudi kwenye picha. Yule baba kapotea miaka 5, karudi na vumbi la barabara ambayo hakuitengeneza, hajaleta sukari wala kanga. Kaleta isale. Kamkamata bibi pale pale ambapo bibi hawezi kusema hapana. Ndo maana bibi kaficha mikono, akiitoa tu kupokea, na kadi ya kura inatoka nayo. Huyo aliyesema bibi kaisha alisoma vizuri sana, na hawakucheka kwa sababu isale halichekwi, hata mtoto wa darasa la kwanza huku analijua hilo.

Ila mwalimu nina swali moja. Umesema kashika mmea. Ni jani au ni mche mzima? Maana watu wanaenda na jani.

Dereva_Sakina

Aisee mwalimu usijilaumu, hili linampata kila mtu akishatoka kwao. Mimi natembeza wageni, mara nyingi Tarangire na Manyara, na kuna mzee mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu wa historia, tulivyosimama kwenye kundi la tembo akaanza kucheka akasema hawa ni wapiga kura wa Republican, chama kimoja kikubwa cha kwao. Sikumwelewa kabisa. Jioni kambini akanifungulia picha kwenye simu akanifundisha mpaka taa zikazimwa, toka siku hiyo huwa natafuta hizi katuni za zamani mwenyewe.

Iko hivi. Kulikuwa na mchoraji anaitwa Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa anachora kwenye gazeti la Harper's Weekly, New York. Novemba 1874 kulikuwa na uchaguzi wa Bunge lao, na gazeti lingine, New York Herald, lilikuwa linatisha watu kwamba Rais Grant anataka muhula wa tatu. Nast akachora punda kavaa ngozi ya simba, wanyama wote wanakimbia, na katikati yao tembo mkubwa anayumba karibu na shimo. Ubavuni mwa tembo ameandika kwamba hizo ni kura za Republican. Angalia hapo, hakuandika chama, kaandika KURA. Yani watu wengi, wazito, wenye nguvu, ila wametishwa na punda aliyevaa ngozi isiyo yake. Na Nast mwenyewe alikuwa upande wa Republican, kwa hiyo alikuwa anawaonya wenzake. Kweli mwaka ule wakapoteza Baraza la Wawakilishi. Tembo akabaki kuwa nembo yao mpaka leo.

Sasa mimi nilivyoonyeshwa punda wa Democratic, chama kingine kikubwa cha huko, nikasema moja kwa moja, hawa wanaitwa wajinga. Mzee akaniambia ndo, mwanzo lilikuwa tusi, 1828 wapinzani wa Andrew Jackson, mgombea urais wao, walikuwa wanamwita punda, ila wenyewe leo wanaivaa begani kwa fahari, wanasema ni mnyama mvumilivu. Nikakaa nikafikiri, hata huku kwetu inategemea unamuuliza nani. Ukimuuliza mama wa Longido anayeteka maji na punda kilomita zote zile atakwambia punda ni mtu wa nyumbani. Ukimuuliza mtu wa mjini ni tusi. Ndo maana mimi nikiona mnyama kwenye katuni siku hizi nauliza kwanza, huyu mnyama huko ilikochorwa wanamsemaje? Na isale ni hivo hivo, Pangani ni jani, Kibosho ni kesi.

MzaziMajengo

Mimi ni mzazi hapa hapa Moshi na nina swali la dhati sio ugomvi. Kwa nini watoto wa kidato cha pili wachoreshwe mambo ya wagombea? Hawa hawajafika miaka 18, hawapigi kura. Katuni nyingi za siasa naziona ni za kudhalilisha watu, kitambi, mdomo, matako makubwa. Mtoto akijifunza kumchora mtu mzima hivyo kesho atamheshimu nani? Na anaweza akaleta matatizo nyumbani, huwezi jua baba yake ni wakala wa chama gani.

TichaWaPangani

@MzaziMajengo asante, na nakuelewa, hili nilizungumza na mkuu wa shule kabla. Masharti yalikuwa matatu: hakuna rangi ya chama wala alama ya chama, hakuna sura wala jina la mtu halisi, na usichore kilema cha mtu wala kabila la mtu. Waliovunja walirudia. Lakini kusema wasubiri miaka 18 hapo sikubaliani na wewe ndugu yangu. Hizi katuni wanaziona kila siku kwenye simu za kaka zao, wanatumiana, na wengine wanaamini kilichochorwa ni kitu kilichotokea. Mtoto akijua kwamba katuni ni mtu anatoa hoja yake kwa picha, na hoja unaweza kuipinga, naona atakuwa salama zaidi akija kufika huko kituturini.

@Mama_Kibosho asante sana mama, nimesoma maelezo yako mara tatu. Nimeitoa picha kwenye bahasha nimeangalia tena. Ni mche mzima. Una mizizi, na chini ya mizizi kuna nukta nukta, nilidhani ni uchafu wa penseli, kumbe ni udongo unadondoka.

@Dereva_Sakina hiyo ya ngozi ya simba nitaitumia Jumatano.

Fundi_Mabango

Mimi nachora mabango Ngarenaro, miaka 20 sasa, vinyozi, saluni, vibanda vya chipsi, na kila msimu wa uchaguzi naandika mabango ya watu wa kila chama, kwa hiyo nisikilize kidogo upande wa mkono.

Mtoto ambaye amekumbuka kuchora kadi ya mpiga kura NYUMA ya mgongo wa bibi, sehemu ambayo nusu ya watu hawataiona, huyo hawezi kusahau kumalizia ua. Mchoraji mvivu anaacha pembeni, kwenye kona, haachi katikati ya mstari. Katikati ukiacha wazi umeacha kwa makusudi, jicho lazima lidondokee hapo. Mwalimu pima lile pengo kwa rula, alafu pima upana wa ule mche aliobeba yule jamaa. Mimi nakwambia vinalingana.

Na kuhusu unaanzia wapi, mimi huwa nafanya hivi, nafunika maandishi yote kwa kiganja. Nasoma picha tupu. Nani mkubwa, nani mdogo, nani kasimama juu, nani anaangalia wapi, mikono iko wapi. Mikono inasema kuliko mdomo. Alafu ndo nafungua maneno naona kama yanaongeza au yanageuza. Kuna wachoraji maneno yao yanapindua kila kitu. Na mwisho naangalia kile kitu kidogo ambacho kama kingeondolewa hakuna ambaye angeuliza, hicho ndo mchoraji amekipenda. Katuni za Masoud Kipanya wa magazeti yetu angalieni, wakubwa wanaongea mbele, lakini wengi tunamtafuta kwanza yule panya yuko wapi na anasema nini.

Mama_Kibosho

Mungu wangu. Mche mzima na udongo wake, na ua una pengo.

Mwalimu sikukwambia jambo lingine. Masale ndo mpaka wa kihamba. Babu alipogawa ardhi alipanda masale, huyu anaishia hapa yule anaanzia pale, na makaburini pia tunapanda. Kung'oa isale la mpaka huku ni kosa ambalo ukoo unaitwa. Kwa hiyo huyo baba hakuja na isale la kwake. Kaling'oa kwenye mpaka wa bibi, akaingilia hapo hapo, alafu akapiga goti akamwomba msamaha nalo.

Nimeshindwa kupika, nimekaa chini. Mtoto wa miaka mingapi huyu?

Dereva_Sakina

Mpaka!! Mama umenikumbusha nyingine ya yule mzee. Massachusetts, 1812. Gavana anaitwa Elbridge Gerry, chama chake kikachora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi ili kishinde, yeye akasaini sheria. Jimbo moja la pale Essex likawa limepinda pinda limezunguka kama nyoka. Gazeti la Boston Gazette likachukua ramani ile ile, likaiongezea mabawa, kucha na kichwa, ikawa dudu. Likasema anafanana na salamanda, yani mnyama fulani anayefanana na mjusi, wakaunganisha na jina la gavana ikawa Gerry-mander. Mpaka leo Wamarekani wakitaka kusema mtu amekata mipaka ya majimbo kwa ujanja wanatumia hilo neno. Katuni moja imeingiza neno kwenye lugha na limekaa miaka 200 na zaidi.

Ninachokipenda hapo ni kwamba mchoraji alikuta ramani tayari ni mbaya, akaongeza vichache tu watu wakaona.

Basi naona na huyu binti anasema mambo ya kugawa majimbo! Kang'oa mpaka, si ndo hiyo?

KakaWaRau

Hapo Dereva umekimbia sana mwanangu. Nakubali picha inafanana, lakini binti wa kidato cha pili Moshi hajachora Massachusetts. Hili ni kosa ambalo tunalifanya wote tukishajua mambo mengi, tunamwagia picha kila tunachokijua. Mimi nilisoma historia chuo na mwalimu wetu alikuwa anatuuliza vitu viwili tu, imechorwa lini na imechorewa nani, ukishindwa hivyo viwili anakwambia kaa chini.

Nitoe mfano wa lini. Kuna Mwingereza William Hogarth, alichora picha nne za uchaguzi wa Oxfordshire wa 1754, ziko London kwenye makumbusho ya Sir John Soane. Moja inaonyesha mkulima kasimama katikati, mawakala wa pande mbili wanampa hela, huyu kulia huyu kushoto. Nyingine watu wanapiga kura na wamemleta mpaka mgonjwa anayekaribia kufa, huku nyuma gari la farasi la Britannia, yani nchi yenyewe, linaharibika na waendeshaji wanacheza karata. Sasa mtu wa leo anauliza, wakala anajuaje mkulima kampigia nani? Alijua, kwa sababu ulikuwa unapiga kura kwa kutamka mbele ya watu. Kura ya siri Uingereza imekuja 1872. Bila kujua hilo unaona mkulima mjanja anakula kwa wote, ukilijua unaona mtu ambaye jioni lazima amuudhi mmoja mwenye nguvu.

Na hapa kwetu. Ukikuta katuni ya zamani ya mgombea anagawa pilau na kanga, angalia mwaka. Sheria ya uchaguzi ilibadilishwa 2000 ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, kwamba ni ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ikasema 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo pilau ya 2005 kwenye katuni mchoraji anaipinga sheria iliyopo, na pilau ya 2010 anamsema mtu anayevunja sheria. Picha ni ile ile na sahani ni ile ile, hoja mbili. Mimi ningewalazimisha watoto waandike tarehe.

MjukuuWaMachame

Mnaongelea picha na kura mmenikumbusha mama, alipiga kura 1965, ule uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Karibu kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, na kwa sababu watu wengi walikuwa hawajui kusoma kila mgombea alipewa alama, mmoja jembe mwingine nyumba. Zilikuwa zimekusudiwa zisiwe na maana yoyote, ni za kutofautisha tu. Lakini mama anasema kwenye mikutano wazee walikuwa wanabishana, huyu anasema bila jembe utakula nini, huyu anasema ukishalima utalala wapi. Yani ukimpa mtu picha lazima aisome, hata kama wewe uliyempa hukuweka kitu ndani. Mama mpaka leo akiona bango la uchaguzi anauliza "huyu ni jembe au nyumba?"

Samahani nimetoka nje ya mada kidogo ila naona inahusika.

Fundi_Mabango

Haijatoka nje hata kidogo. Ndo maana alama ikirudiwa sana inakuwa kama jina la mtu. Zamani magazeti ya Kenya yalikuwa yanafika stendi Arusha, nilikuwa nayanunua kwa ajili ya Gado tu, yule mchora katuni mzaliwa wa Dar. Alikuwa anamchora Uhuru Kenyatta na mnyororo mguuni wenye tufe la chuma, kwa sababu ya ile kesi yake kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na uchaguzi wa 2013 ukapita na tufe lipo. Msomaji aliyelikuta katikati bila kufuata toka mwanzo atadhani ni mfungwa katoroka.

Na Dereva huyo Nast wako kuna moja yake naipenda kwa sababu ya maneno machache. 1871, bwana mmoja anaitwa Tweed, mkubwa wa siasa za New York, kaegemea sanduku la kura kwa raha zake, na kwenye sanduku imeandikwa kwamba katika KUHESABU ndo kuna nguvu. Sisi tuliokua na msemo wa "umoja ni nguvu" tunaipata hapo hapo bila kufafanuliwa. Huyo Tweed baadaye alitoroka jela akakimbilia Hispania, 1876 akakamatwa huko, na walimtambua kwa michoro ya Nast. Mimi nikichora mtu huwa naikumbuka hiyo, naogopa kukosea pua ya mtu.

Mwalimu umepima pengo?

TichaWaPangani

Nimepima. Pengo sentimita 2 na nusu, upana wa mche, ncha za majani upande huu mpaka upande ule, sentimita 2 na nusu.

Leo mchana nilimwita binti, nikamwomba msamaha kwanza kabla ya kumuuliza chochote, nikamwambia mimi ni mgeni sikujua isale. Akatabasamu akaangalia chini. Nikamsomea tafsiri zote bila kutaja majina yenu, ya msamaha usiokatalika, ya mpaka, hadi ya majimbo ya Marekani. Ya majimbo akasema hapana mwalimu. Ya msamaha akasema ndo. Ya mpaka akasema ni kweli ila sio kwa sababu ya kuiba ardhi.

Nikamuuliza sasa kwa nini kang'oa la bibi? Akaniambia hivi, na nilimwomba ruhusa niwaandikie: "Kwa sababu yeye hana la kwake. Anaishi Dar. Kwao hapa hakuna mtu, kihamba chao kimeota majani, masale yote yameshakufa. Akitaka isale inabidi achukue la mtu."

Nikamuuliza na gari lina vumbi kwa nini na mlango uko wazi. Akasema mlango uko wazi kwa sababu hajazima gari, anaondoka sasa hivi.

@Mama_Kibosho ana miaka 15. Nikamuuliza bibi anapokea au hapokei. Akasema hajui, ndo maana kaficha mikono, alijaribu kuichora mbele mara mbili akafuta. Nimeangalia karatasi kwenye mwanga wa dirisha, ni kweli, alama za kufuta zipo.

Mama_Kibosho

Mwambie bibi yake mimi ningepokea isale na kadi ningebaki nayo. Msamaha ni msamaha na kura ni kura, hakuna mzee aliyesema ukimsamehe mtu lazima umpe tena kihamba akulimie. Ila mwambie pia simlaumu anayeshindwa. Mimi nina miaka 58 na sijawahi kujaribiwa hivyo.

MzaziMajengo

Mwalimu nimefuatilia uzi wote. Jana nilimuuliza wa kwangu wa kidato cha kwanza kama anajua isale ni nini, amezaliwa Majengo na hajui. Jumamosi nampeleka kwa bibi yake Uru. Hiyo klabu ya Jumatano ni ya shule yenu tu au wengine wanaruhusiwa?

TichaWaPangani

Ni ya shule yetu tu ndugu yangu ila nitamuuliza mkuu, na kama mzazi una masale nyumbani kwa bibi naomba utuchumie jani moja tu, nataka niliweke mezani Jumatano wanafunzi wanieleze wao wenyewe.

Alama nimebadilisha, nimempa 18. Mbili nimezikata kwa sababu hakuandika tarehe, na niliwaambia wote waandike. Kaka wa Rau nadhani utanielewa.